Spea tairi ya gari ya AWD: jinsi ya kuchagua ambayo haitakuulia transfa

Kama unaendesha gari ya AWD, yaani injini inavuta magurudumu yote manne, mfano Forester, Outback, X-Trail, RAV4, Harrier ya fowili, CR-V au Outlander hapa Uganda, spea tairi siyo kitu cha kununua ilimradi buti lisiwe tupu. Kwenye gari inayovuta mbele tu, mfano Premio au Wish ya kawaida, ukifunga nyuma spea iliyo ndogo kidogo gari itayumba kidogo, itakufikisha kwa fundi wa pancha, yameisha. Kwenye AWD hayaishi hivyo. Tairi moja yenye mzunguko tofauti na wenzake inaanza kuchemsha mafuta na kusugua vyuma huko chini kuanzia unapoondoka, na wewe ndani husikii kitu chochote, mpaka siku usukani unakaza ukikata kona ya kuingia parking, gari inajivutavuta kama imeshikwa breki, na fundi anakutajia bei ya transfa, kile kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma, au giaboksi nzima. Ni hasara kubwa sana na inazuilika kabisa, ndo maana nataka tuliongelee hili vizuri, hata kama litachukua nafasi.

Kwanza uelewe kinachotokea chini, maana ukikielewa hutahitaji mtu wa kukuchagulia.

Kila ekseli ina difu yake, kazi yake kuruhusu gurudumu la kushoto na la kulia yazunguke kwa mwendo tofauti, sababu kwenye kona lile la nje linasafiri mbali zaidi. Gari ya AWD inaongeza kitu kingine cha kuunganisha mbele na nyuma. Kuna zenye difu ya katikati, kuna zenye klachi ya sahani nyingi inayobanwa kwa presha ya mafuta au kwa umeme, na kuna zenye kapiling, yaani kiunganishi kilichofungwa, iliyojaa mafuta mazito ya silikoni. Vyote hivi vimeundwa kuvumilia tofauti ndogo na ya muda mfupi, umekata kona, umeteleza kwenye tope, basi. Havikuundwa kuvumilia tofauti isiyoisha kwenye barabara iliyonyooka. Ukifunga tairi ndogo kwenye kona moja ya gari, difu ya ekseli ile inafanya kazi bila kupumzika, na nusu ya tofauti hiyo inapanda mpaka katikati, mfumo wa katikati unadhani gari inateleza, unabana, unaachia, unabana tena, na joto linapanda.

Tuweke namba. Forester nyingi za kuanzia 2013 zinavaa 225/60R17. Hiyo 225 ni upana kwa milimita, 60 ni asilimia ya upana huo inayokupa kimo cha ubavu, 17 ni rimu kwa inchi. Kimo cha ubavu ni 225 mara 0.6, yaani milimita 135, ubavu uko juu na chini kwa hiyo 270, ongeza rimu ambayo inchi 17 mara 25.4 ni karibu 432, jumla kipenyo ni milimita 702. Zidisha kwa 3.14 unapata mzunguko wa kama mita 2.2. Sasa chukua ile spea nyembamba iliyoandikwa T145/80D17, piga hesabu hiyohiyo, kipenyo kinakuja milimita 664. Tofauti ni kama asilimia 5.4. Gurudumu kubwa linazunguka mara 453 hivi kwa kilomita moja, lile jembamba mara 479. Mizunguko 26 ya ziada kila kilomita, na kutoka Kampala mpaka Jinja, kama kilomita 80, tayari umevuka 2,000. Sasa wewe fikiria yule anayeifunga halafu anaendelea mpaka Gulu kama vile hakuna kilichotokea.

Na usidhani ni spea nyembamba tu. Tairi mpya ina meno ya kama milimita 8, iliyotumika inaweza kuwa na 4. Kila milimita moja ya meno ni kama milimita 6 za mzunguko, kwa hiyo saizi ileile, hata kampuni ileile, mpya na nusu chakavu zinapishana milimita 25 kwa mzunguko. Subaru ndo wakali kuliko wengi kwenye hili, wanataka mzunguko wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani hizo milimita 6 tu. Kampuni nyingine zina uvumilivu kidogo zaidi, ila ukishika kipimo cha Subaru kwenye gari yoyote ya AWD huwezi kukosea.

Ndo msimamo wangu wote uko hapo: kwenye AWD spea ni tairi ya tano ya seti, izaliwe pamoja na wenzake, izeeke pamoja na wenzake.

Fungua buti leo

Kabla hujaenda kwenye maduka ya spea ya Kampala, Kisekka wala Ndeeba, fungua buti uone ulicho nacho, maana watu wengi wamenunua gari kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoingizwa, na hawajawahi kuinua lile zulia. Utakuta moja kati ya haya. Unaweza kukuta spea kamili, saizi sawa na zilizo chini, hapo una bahati. Unaweza kukuta ile nyembamba iliyoandikwa 80 km/h. Au ukakuta hakuna tairi kabisa, kuna kikompresa kidogo na chupa ya dawa ya kuziba, gari nyingi za Japani za miaka ya karibuni zinakuja hivyo, hasa haibridi, na mara nyingine hata hiyo chupa imeisha muda wake.

Chupa ya dawa kwa Uganda mimi siipi nafasi kubwa. Inaziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, sawa, lakini mawe ya marramu hayatoboi uso, yanachana ubavu, na ubavu ukichanika hakuna dawa wala kamba ya gundi itakayoshika. Mtu anayeishi Ntinda na kuishia Entebbe anaweza kukaa na chupa. Anayekwenda Moroto, Kotido, Kaabong, au anayepita Karuma kwenda Pakwach ambapo unaendesha muda mrefu pembeni ya mbuga bila gereji na tembo wako njiani, huyo anahitaji tairi nzima, na anahitaji kuifunga haraka arudi ndani ya gari.

Kisha soma stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hata kama imeandikwa Kijapani, saizi ya tairi inasomeka, na upepo umeandikwa kwa kPa, 220 ni karibu psi 32, 230 ni karibu 33. Fananisha saizi ya stika na iliyoandikwa kwenye tairi zako zote nne. Usishangae ukikuta hazifanani, au mbele ziko saizi moja na nyuma nyingine, gari imepita mikononi mwa watu wengi kabla yako. Kama ziko hivyo, shida yako ya kwanza siyo spea, ni hizo nne, tengeneza hizo kwanza.

Njia nzuri kuliko zote: nunua tano

Najua tairi tano ni pesa nyingi na pesa ya nne tu tayari inauma. Lakini angalia unachopata. Unanunua tano siku moja, kampuni moja, mchoro mmoja wa meno, na kila kilomita 8,000 mpaka 10,000 unazizungusha zote tano, ya kwenye buti inashuka chini na moja ya chini inapanda kupumzika. Zinaisha pamoja. Tairi moja ikichanika kule Kapchorwa, unafunga ya tano ambayo ina meno sawa na wenzake, na unaendelea na safari kama kawaida, mwendo wa kawaida, AWD ikifanya kazi. Alafu kuna faida nyingine watu hawaihesabu, seti ya tano inadumu zaidi ya seti ya nne maana kila tairi inapata zamu ya kupumzika, kwa hiyo ile pesa ya tano hujaitupa, umeitanguliza tu.

Mwambie fundi mapema kwamba unazungusha tano, wengi wamezoea kuzungusha nne na ya buti wanaisahau. Na uangalie ubavu wa tairi kama kuna mshale na neno ROTATION. Tairi zenye mshale zinazunguka upande mmoja tu, ukiifunga upande mwingine mchoro wa meno utakuwa umegeuka na kwenye mvua haitoi maji vizuri, kwa hiyo kwa mpango huu wa tano chagua zisizo na mshale.

Kama tano haiwezekani

Hapa ndo watu wengi tuko, tairi zilizo chini zina nusu ya maisha, spea hakuna, na mfuko hauruhusu seti. Basi unatafuta moja iliyotumika inayolingana na zilizo chini. Siyo mpya, kumbuka, mpya itakuwa kubwa kuliko wenzake. Kama zako zina milimita 5, unatafuta yenye milimita 5, saizi hiyohiyo, na ukiweza kampuni na mchoro huohuo, maana hata tairi za saizi moja kutoka viwanda viwili zinapishana kidogo kwa mzunguko halisi.

Kupima meno ni rahisi. Kama huna geji, chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji wa tairi, weka alama kwa kucha, pima kwenye rula. Pima katikati na pembeni zote mbili, tairi ikiwa imelika upande mmoja achana nayo. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, hivyo viko milimita 1.6 kutoka chini, uso ukishafikia vinundu hiyo tairi ni kipara, hata bure usiichukue.

Ila kipimo cha kuaminika zaidi ni kamba. Jaza upepo sawa kwenye spea na kwenye tairi ya gari, inua gari kwa jeki, zungusha kamba isiyovutika katikati ya uso wa tairi, weka alama, nyoosha, pima. Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150 haitafika, ndo maana nasema kamba. Fanya kwa tairi ya gari, fanya kwa spea, linganisha. Dakika chache tu, na jibu ni la kweli kuliko maneno yoyote ya dukani.

Vipi kuhusu saizi tofauti yenye kimo sawa? Inawezekana. 225/55R18 ina kipenyo cha karibu milimita 705, ile 225/60R17 ina 702, tofauti chini ya nusu asilimia, ndo maana Forester hizo zinakuja na saizi zote mbili kulingana na modeli. Kwa hiyo mwenye rimu 18 anaweza kubeba spea ya rimu 17 ya kumfikisha kwa fundi, na mara nyingi ni rahisi zaidi kupata. Lakini 215/65R16 inakuja milimita 686, hiyo ni pungufu ya asilimia 2 na zaidi, na muuzaji atakuambia ni sawa tu, siyo sawa.

Na kama umenunua nne mpya na ya tano ukashindwa, weka ile nzuri kuliko zote kati ya zile za zamani. Tofauti yake na mpya inaweza kufika asilimia 1 na kidogo, siyo nzuri, ila ni bora mara nyingi kuliko ile nyembamba, itakutoa porini mpaka mjini bila kuua kitu ukienda taratibu.

Rimu isikudanganye

Rimu ina matundu matano, gari ina boliti tano, kwa hiyo inaingia? Hapana jamani. Forester nyingi mpaka 2018 ni matundu matano kwenye duara la milimita 100, zile za baada ya hapo ni 114.3. RAV4, Harrier, X-Trail na CR-V nyingi ni 114.3. Halafu kuna tundu la katikati linalokaa kwenye habu: Subaru ni milimita 56.1, Toyota hizo kubwa ni 60.1, Honda 64.1, Nissan 66.1. Mtego mmoja ambao unawapata watu wa Subaru ni rimu ya Wish au Premio, nayo ina matano kwa 100, iko kila mahali Kampala, bei poa, lakini tundu lake la katikati ni 54.1 na haliingii kwenye habu ya Subaru. Kinyume chake rimu yenye tundu kubwa kuliko habu itaingia lakini haikai katikati, itatikisika, labda uweke ringi ya kuziba nafasi.

Nati pia. Subaru na Nissan wanatumia uzi wa milimita 1.25, Toyota, Honda na Mitsubishi 1.5, usikubali mtu akulazimishie nati ya gari nyingine kwa spana ndefu, atakula uzi wa boliti. Na kama umefunga rimu za dukani zenye nati zake maalum, angalia kama nati hizo zinakaa vizuri kwenye rimu ya spea, zisipokaa beba nati tano za rimu ya spea kwenye kamfuko hapohapo buti.

Breki ni jambo la kupima kwa macho. Gari yenye taabo (turbo) au injini kubwa ina kalipa kubwa mbele, kile kifaa kinachobana diski ya breki, na rimu ya inchi 15 inaweza kugusa. Kwa hiyo kabla ya kulipa pesa yote, ifunge spea kwenye gurudumu la mbele, zungusha kwa mkono, kata usukani mpaka mwisho pande zote, kisha ijaribu nyuma. Muuzaji anayejiamini hatakataa.

Alafu nafasi. Shimo la buti lililochongwa kwa tairi ya upana wa milimita 145 halitameza ya 225, itazidi kwa sentimita 8 hivi, na sakafu ya buti itapanda. Wengi wanaongeza kipande cha mbao na sponji, inakaa vizuri. Ukiiacha juu ya sakafu ifunge kwa mkanda, gurudumu zima ni kilo 20 hivi na ukipiga breki kali linaruka mpaka viti vya nyuma, usiwafanyie watoto hivyo. RAV4 za zamani na Escudo zinabeba mlango wa nyuma, hapo fungia nati yenye ufunguo maana wezi wa spea wapo, na angalia bawaba za mlango kama hazijalegea.

Unapofika dukani

Iwe Kisekka, Katwe, Ndeeba, iwe Mbale, Mbarara au Arua, taratibu ni zilezile. Hajji atakuambia, "Boss, hii ni kama mpya, imetoka Japani juzi." Wewe mwambie kwa heshima, "Sawa hajji, naomba unigeuzie niione na ndani." Kitu cha kwanza tafuta ni tarehe. Kwenye ubavu kuna herufi DOT na mwishoni namba nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine namba hizo ziko upande mmoja tu, ndo maana unageuza. Ikizidi miaka 6 uwe makini sana, ikifika 10 hata kama meno yamejaa siyo tairi tena, mpira umekauka. Na hii inahusu pia spea uliyonayo tayari. Sheria ya 2018 imezuia kuingiza Uganda gari yenye miaka 15 na zaidi, lakini gari ya miaka 12 au 13 inaingia, na spea nyembamba iliyo ndani mara nyingi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, haijawahi kugusa lami na imeshazeeka kwa joto la buti.

Kitu cha pili ni tairi za theluji. Hizi ni nyingi sana kwenye mitumba ya Japani na watu wanazinunua bila kujua. Ukiona STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD, au uso wa tairi umejaa michirizi midogomidogo kama imechanwa na wembe, hiyo ni ya barafu. Mpira wake ni laini, kwenye lami yetu ya moto inalika haraka na breki yake inakuwa ndefu, na ukiichanganya na tatu za kawaida gari haishiki sawa. Muuzaji atakuonyesha meno yamejaa, ni kweli yamejaa, iache tu.

Kisha chungulia ndani ya tairi kwa tochi ya simu. Mstari mweusi wa unga unaozunguka ndani ya ubavu unamaanisha iliendeshwa bila upepo, nyuzi za ndani zimekufa, hiyo inaweza kupasuka. Pitisha kiganja nje uone kama kuna uvimbe, kunja ubavu uone nyufa. Angalia na namba ya uzito iliyo baada ya saizi, mfano 99H: 99 ni kilo 775 kwa tairi, H ni mwendo wa mpaka 210 kwa saa. Isiwe chini ya iliyo kwenye stika ya gari, hasa kama wewe ni wa kupakia matoke na watu saba.

Ikishapasuka, unafunga wapi

Kama una spea kamili inayolingana, unafunga palepale palipopasuka, endelea. Hili linalofuata ni kwa wenye spea nyembamba au isiyolingana, na lisomeni vizuri.

Subaru otomatiki nyingi za zamani zina tundu la fyuzi ndani ya boneti limeandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, ya ampea 15, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi na gari inavuta mbele tu. Kitabu chao kinasema spea nyembamba ikae nyuma. Maana yake ikipasuka ya mbele, unatoa nzima moja ya nyuma unaihamishia mbele, na nyembamba inakaa nyuma. Kazi mara mbili, ndiyo, lakini transfa itakushukuru. Siyo Subaru zote zina tundu hilo, za manyuo (gia za mkono) hazina, baadhi ya za taabo hazina, na za siku hizi zenye CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) hazina, kwa hiyo angalia yako leo ukiwa nyumbani siyo usiku wa mvua pale Lukaya.

X-Trail nyingi zina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK, weka 2WD na nyembamba iweke nyuma. RAV4 nyingi za kuanzia 2006 zina kitufe cha LOCK, hakikisha hakijawashwa. CR-V za zamani zinatumia pampu mbili za mafuta, magurudumu ya mbele yakizunguka mbio kuliko ya nyuma presha inapanda na klachi inabana, kwa hiyo hiyo usiifunge nyembamba mbele hata kidogo. Kwa gari zenye difu ya katikati ambazo AWD haizimiki, kama Subaru za manyuo na RAV4 za kabla ya 2006, hakuna ujanja, nenda taratibu, nenda karibu, mpaka kwa fundi wa kwanza mwenye mashine. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani piga picha ukurasa wa spea, simu itakutafsiria.

Spea nyembamba mwisho wake ni 80 kwa saa, na kampuni nyingi hazitaki uvuke kilomita 80 hivi. Upepo wake ni mwingi, 420 kPa, yaani psi 60, siyo 32. Hapa ndo watu wengi wanakwama, spea ipo ila imekaa miaka bila kuangaliwa, unaitoa imelala. Kila ukijaza mafuta mwisho wa mwezi mwambie yule wa upepo apime na ya buti, na ile spea kamili iongeze psi 3 au 4 juu ya kawaida, ni rahisi kupunguza njiani kuliko kutafuta pampu Kotido.

Beba kipande cha mbao cha kuweka chini ya jeki, maana pembeni ya barabara zetu ni udongo na jeki inazama, beba spana inayoingia kwenye nati zako kweli, na triango mbili. Weka gari P, vuta handibreki, zuia gurudumu la upande wa pili kwa jiwe. Nati zikaze kwa kuruka msalaba, siyo kwa kuzunguka, na baada ya kilomita 50 simama uzikaze tena.

Ukirudi mjini usikae na spea isiyolingana wiki nzima eti gari inatembea vizuri. Tairi iliyopasuka ikizibika kwa kiraka cha ndani irudishe mahali pake siku hiyohiyo, toa fyuzi ya FWD, pima upepo wa zote tano. Isipozibika na zilizobaki zimelika sana, tafuta moja yenye meno yanayolingana kwa njiti na kamba kama nilivyoeleza. Na kama usukani ulishaanza kukaza kwenye kona, mwambie fundi abadilishe kwanza mafuta ya difu na ya transfa ayaangalie rangi na harufu. Yakitoka meusi na harufu ya kuungua, usisafiri na hiyo gari mpaka transfa ifunguliwe.